Mpaka Watu Wavae Viatu

Siku mliyoniaga mlinipa feni. Nashukuru, naitumia, na hivi ninavyoandika inanipepea. Lakini aliyeichagua hakufikiri sana. Miaka yote niliyokuwa studio, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuzima feni, kwa sababu feni huingia kwenye rikodi kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nimewatoa jasho waimbaji wa mji huu mpaka wengine wakanichukia. Mmoja aliniambia atanishitaki kwa Mungu, na huenda kesi bado inasikilizwa.

Samira ameniomba niandike kidogo juu ya kazi kwa ajili yenu mlioingia karibuni. Yeye ndiye mkuu wenu, na ndiye aliyekuwa mkuu wangu miaka ya mwisho, ingawa nilipoanza kazi hata mama yake alikuwa bado yuko skuli. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nane, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja tu, cha kushika funguo za kabati. Mshahara mnaujua.

Zaidi nataka kuwaeleza kazi yangu ya mwisho, albamu ya Bi Raya. Nyinyi mliikuta iko tayari, na picha yake ya ujana juu ya jalada, mkadhani ilikuwa rahisi: chukua nyimbo za mwanamke tangu ana meno yote mpaka hana hata moja, zipange, wape watu wasiomjua wamjue, basi. Nusura isitoke. Ilikwama kwa wimbo mmoja, na bila ya wimbo huo tungewajulisha watu mwanamke mwengine kabisa. Lakini ili mnielewe, lazima nianze na tepu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Mbarouk. Siku yangu ya kwanza nilimkuta anatema mate mekundu ndani ya kopo la maziwa, nikakimbilia nje kutafuta msaada. Kumbe anatafuna tambuu. Hakunisamehe kwa kumtia aibu mbele ya watu, na wiki nzima alinipa kazi moja tu, ya kupangusa vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti. Vichwa ni pale tepu inapopita na kusomwa. Vikiwa vichafu, hata mwenye sauti ya kinanda atatoka kama ana mafua.

Hewa ya bahari hapa mjini inakula kila kitu, na tepu huota ukungu kama mkate. Fundi alikuwa na kabati la mbao ambalo ndani yake balbu ya umeme ilikuwa ikiwaka mchana na usiku, ili pakauke. Umeme ukikatika alikuwa na wasiwasi kuliko mtu aliyelaza mgonjwa. Nyumbani kwake, mkewe aliwahi kuniambia, alikuwa akizima taa kila anapotoka chumbani, hata kama mwenyewe mkewe yumo ndani.

Alikuwa mchoyo wa kila kitu isipokuwa tepu. Tepu zilikuwa shida kupatikana siku zile, na wakubwa walimgombeza kwa kuzimaliza, lakini hakubadilika. Alikuwa na sheria moja. "Rikodi haishi wimbo ukisha," alikuwa akisema. "Usizime mashine mpaka watu wavae viatu." Zamani shughuli nyingi zilikuwa za kukalia majamvi, viatu vinabaki mlangoni. Kwa hiyo tuliporikodi harusi, wimbo ulikwisha, waimbaji wakanywa maji, watu wakasengenyana, mashine ikaendelea kuzunguka. Nilimwona ni mzee aliyeanza kuchoka akili. Alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi sasa.

Bi Raya nilimwona mara ya kwanza studio. Waimbaji wengi walipewa maneno na watunzi, lakini yeye alitunga mwenyewe, tena kichwani, akifua nguo. Alisema povu likiwa jingi na mashairi huwa mengi. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi asiyomkaribisha mtu, akakaa, nami nikamsogezea maikrofoni kwa heshima zote.

"We kijana," akaniambia, "hicho chuma kiondoe mdomoni mwangu. Sikuja kung'oa jino."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza, na kwa kweli hayakubadilika sana baadaye.

Mumewe alikuwa Mzee Khamis, mfanyabiashara wa mwani. Akinamama wa Jambiani waliuokota ufukweni, yeye akinunua na kuleta mjini. Safari moja alikwenda Jambiani kununua mwani, akarudi na mke. Mke huyo ndiye Bi Nunu. Nyumba ilikuwa moja, ya ghorofa, kwenye kichochoro ambacho ukipiga chafya jirani anakuombea dua. Bi Raya alikaa juu, Bi Nunu akawekwa chini. Mzee Khamis alikaa kwenye ngazi, nadhani.

Bi Raya akaenda kufua nguo. Aliporudi alikuwa na wimbo unaoitwa "Masizi". Nyinyi nyote mnaujua ubeti wake mkali:

*Chungu kipya king'arapo, moto hakijauona,*
*Hebu kiinjikwe hapo, masizi yatajazana.*

Tuliurikodi studio, safi, feni imezimwa. Wiki haikwisha, mji mzima unauimba. Watoto wa mtaani wakawa wanamwita Bi Nunu "Bi Chungu". Akipita kwenda sokoni wanagonga makopo. Alikuwa mgeni, mdogo, hana ndugu mjini, na kila redio inamtukana kwa fidla na kodiani.

Sasa sikilizeni habari za harusi moja, kwa sababu mambo yote yametoka hapo. Ilikuwa alasiri, kwenye ukumbi, harusi ya watu wakubwa kidogo, wanawake tupu. Mimi na Fundi tulijibanza na mashine nyuma ya wapiga ala, tumepeana mgongo na bi harusi. Bi Raya anaimba. Bi Nunu naye amealikwa, maana mwenye shughuli alikuwa mtu wa kupenda kuona moto wa wenzake.

Wengine mmekulia kwenye simu, kwa hiyo nieleze. Kwenye taarabu mtu hatunzi ovyo. Ubeti ukikugusa unainuka na noti mkononi, unacheza mpaka mbele, unampepea mwimbaji kichwani, unampa. Ukiinuka kwenye ubeti wa matusi, maana yake ni moja: maneno haya nayasema mimi, na hasimu wangu yumo humu ndani. Anayetukanwa hainuki. Kazi yake ni kukaa, kutazama dari na kujifanya anahesabu boriti.

Bi Raya alipofika kwenye chungu kipya, Bi Nunu akainuka.

Ukumbi ulinyamaza mpaka nikadhani waya umechomoka. Akaja polepole, mabega yanacheza, noti juu. Akampepea Bi Raya upande huu, akampepea upande huu, kisha akaibandika noti kwenye paji la uso wake lililolowa jasho. Ikaganda pale pale kama stempu. Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, makofi, mtu akapiga sinia.

Alichofanya ni kuuchukua ubeti. Matusi yalikuwa yake sasa, ameyanunua mbele ya watu. Bi Raya, ambaye alikuwa na mdomo wa kuzima taa, akakwama. Mpiga fidla akarudia kipande chake, akamtazama, akarudia tena, kama mtu anayegonga nyumba isiyokuwa na wenyewe.

Nilinyoosha mkono kwenye mashine. "Fundi, nizime? Wimbo ushaharibika."

Akanipiga kofi la mkono. "Watu washavaa viatu?"

"Bado."

"Basi toa mkono."

Mimi na yeye tulikuwa na hedifoni masikioni, na kelele zile zote zilikuwa mbali kidogo na maikrofoni. Ndiyo maana tukasikia kitu ambacho ukumbi mzima haukusikia. Bi Raya, mdomo karibu kabisa na chuma, aliita kwa sauti ya chini: "Nunu!" Haikuwa ya kutukana wala ya kusifu, alimwita tu kama mtu anavyomwita mtu wa nyumbani. Lakini Bi Nunu alikuwa keshageuka anarudi mahala pake, vigelegele vimemjaa masikioni. Kisha Bi Raya akacheka, kicheko cha kushindwa, akaudaka wimbo akaumaliza.

Fundi aliandika juu ya boksi: "Harusi. Usifute." Akaitia tepu kabatini, karibu na balbu. Watu waliendelea kuusikia "Masizi" wa studio, ule ulionyooka.

Msidhani wakapatana siku ile. Waligombana miaka, juu ya maji, juu ya kamba ya kuanikia, juu ya zamu za mume. Kilichowapatanisha ni kifo cha Mzee Khamis. Nyumba ni moja, wajane ni wawili, na eda ni lazima. Wakakaa eda pamoja ndani ya kuta zile zile, hawatoki, hawana wa kuzungumza naye isipokuwa wenyewe kwa wenyewe. Mwanzo walinuniana. Kisha wakaanza kumsema marehemu, na hapo wakagundua wana mengi ya kuzungumza. Eda ilipokwisha, Bi Nunu hakurudi Jambiani. Bi Raya aliniambia, "Nimrudishe wapi, na keshajua chumvi yangu?"

Miaka ikapita. Tepu zikaondoka, kaseti zikaja, kaseti zikaondoka, tarakilishi zikaja. Fundi Mbarouk alifariki, nami nikarithi funguo na lile kabati. Balbu nimebadilisha mara nyingi. Tafadhali msiizime.

Ndipo Samira akaja na shauri la albamu. Mimi nilipanga nyimbo kwa umri, wa kwanza kwanza, kama foleni ya maji. Samira akasema mtu asiyemjua Bi Raya ataanza na rikodi inayokwaruza na atakimbia kabla hajamfikia. Tukabishana. Akawachukua rafiki zake Forodhani, wakiwa wanakula mishikaki, akawavisha hedifoni. Mpangilio wangu, kufika wimbo wa pili wote walikuwa wanatazama simu zao. Mpangilio wake, unaoanza na ule wimbo wa uzeeni, wa mwanamke anayemwambia daktari mwongo, mmoja wao akaacha kutafuna akauliza, "Huyu bibi yuko hai?"

Samira alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Mtu mpya humwingizi nyumbani kupitia kaburini.

Tukaenda kwa Bi Raya kumwonesha orodha. Alikuwa amehamia chumba cha chini, ngazi zimemshinda. Mikono ilikuwa imekakamaa hata kijiko hakishiki. Kitu ambacho hakikukakamaa ni mdomo.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba. Umezeeka, we."

"Na wewe je?"

"Mimi nilizeeka zamani, nshazoea. Nunu!"

"Naam!" sauti ikatoka jikoni.

"Wageni!"

Ndivyo ilivyokuwa nyumba ile kutwa. Nunu, naam. Nunu, nikune mgongo. Nunu, nani kapita? Nunu, si kitu, nilikuwa naangalia kama upo.

Samira akamsomea nyimbo. Alipofika "Masizi", Bi Raya akasema, "Huo hapana."

"Bibi, albamu yako bila Masizi ni urojo bila bajia."

"Basi kunyweni urojo mtupu."

"Lakini ndio unaokujulisha!"

Bi Raya akatazama mlango, akashusha sauti, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. "Nani ananivisha dira hili? Nani ananilisha uji? Nilimtukana nilipokuwa na nguvu za kutukana, na yeye ana nguvu za kujibu. Leo nimtukane upya mbele ya watu wasionijua, kisha nifungue mdomo anitie uji? Mimi sina adabu, mwanangu, lakini si kiasi hicho. Mkiutia, msiitoe albamu."

Tulitoka kama watu waliofukuzwa harusini. Barazani Bi Nunu alikuwa keshatoka jikoni, anapepeta mchele.

"Masizi umo?" akauliza bila ya kutuangalia.

Samira akatazama viatu vyake.

"Nimeuliza."

"Bibi hataki," nikasema. Mimi kusema uongo sijui, na mbele ya yule mama nisingeweza hata kama ningejua.

Ungo ukatua chini, mchele ukaruka. Akaingia ndani, na sisi tukafuata kelele.

"Raya! Nasikia umenitoa."

"Nimekuhifadhi."

"Nani kakuomba unihifadhi? Mimi achari?"

"Watoto walikuwa wakikugongea makopo, Nunu. Wakikwita Bi Chungu."

"Watoto hao sasa wana wajukuu na bado wananiita! Muuza samaki ananiita Bi Chungu na ananichagulia changu mzuri kuliko wa watu wote. Leo waje watu wapya, wasikie nyimbo zako za mauwa na mbalamwezi, waseme maskini, bibi mpole huyu. Mpole, wewe? Na mimi je, niliteswa bure?"

"Utaudhika."

"Nshaudhika. Niliudhika zamani, nikamaliza. Wewe ndiye hujamaliza."

Bi Raya akageuza uso ukutani. Samira alinishika mkono wa shati.

"Nunu."

"Naam."

"Uji unaungua."

Hiyo ndiyo ruhusa tuliyopewa. Kama kuna mtu wa sheria anataka karatasi, hakuna. Lakini Bi Nunu alitufuata mpaka mlangoni na sharti lake, kijiko cha uji mkononi. "Mtie ule wa ukumbini, nilioinuka mimi. Ule wa studio mimi simo, natajwa tu."

Nilitoa tepu kabatini. Kingo zake zilikuwa na ukungu mweupe, nikaipangusa kwa kitambaa laini, dhiraa kwa dhiraa, nikijua huenda ikapita kwenye mashine mara moja tu. Tepu kama hiyo hairudishwi nyuma kusikiliza tena. Unaomba Mungu na unabonyeza. Ikapita.

Samira alipoiona kwenye tarakilishi, akaonesha kidole pale palipokwama. "Hapa tukate. Mtu mpya atadhani simu yake imekufa."

"Sikiliza kwanza," nikasema.

Akavaa hedifoni. Nilimtazama uso tu. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Anamwita Bi Nunu?"

"Huyo huyo, mke mwenzake."

"Na yeye aliitikia?"

"Hakusikia."

Samira akaondoa mkono wake kwenye kipanya na hakurudi tena pale. Ndiyo maana kwenye albamu fidla inazunguka peke yake muda mrefu, na ndiyo maana mnapata malalamiko kwamba wimbo wa mwisho una hitilafu. Waambieni hauna.

Wiki ile ile mliyoniaga nilimpelekea Bi Raya asikilize, nikamwekea spika karibu na kitanda. Kwenye wimbo wa kwanza alisema mpiga kodiani alikuwa mlevi. Kwenye wa tatu akasema maneno haya angeyafua zaidi. Wa tano, wa mapenzi, akasinzia. Alikuwa akisema siku zote kwamba mapenzi humletea usingizi. Bi Nunu akaja na shuka.

"Zima," akaniambia. "Mwache alale. Mengine tutasikiliza siku nyengine, mimi na yeye."

Nikazima.

Siku nyengine haikuja. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, kati ya matangazo ya watu wengine, jina lake la kitabuni ambalo hakuna aliyelijua, mpaka msomaji akaongeza, "maarufu Bi Raya." Nilikwenda mazikoni, tukapokezana jeneza, nikatia mchanga wangu, nikarudi nyumbani. Nikazima feni yenu nikakaa. Sikuwa na la kurikodi, ila nilitaka pawe kimya.

Baada ya hitma nilimpelekea Bi Nunu albamu yake. Nilivua viatu mlangoni. Chumba kilikuwa vile vile, kitanda kimekunjwa godoro. Akaniambia nisimwekee zote, za mauwa anazijua, nimwekee wake. Nikauweka.

Ukumbi ukaingia chumbani, vigelegele, sinia, kila kitu. Bi Nunu alikaa kwenye mkeka anatazama dari. Ubeti ulipofika akashika ukuta, akainuka. Magoti yalilia kwanza, kisha yeye akacheka. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti, mabega yakicheza kidogo tu, kiasi cha umri, akaipepea spika upande huu, akaipepea upande huu, akaiweka juu yake. Fidla ikaanza kuzunguka.

"Kakwama," akasema, ameridhika.

Nikangojea. Nilijua kinachokuja, yeye hakujua.

"Nunu!" spika ikasema.

"Naam," akajibu, upesi, kama kawaida, na mguu mmoja keshautupa kuelekea kitandani.

Kisha Bi Raya akacheka. Bi Nunu alisimama pale katikati ya chumba mpaka wimbo ukaisha. Ulipokwisha akaichukua noti yake juu ya spika, akaifunga tena kwenye pindo.

"Marehemu hana matumizi," akasema, akaenda jikoni kunitilia chai.

Wimbo ulikuwa umekwisha zamani, spika inavuma tupu. Sikuizima. Viatu vyangu vilikuwa bado mlangoni.